Luteini Hufika Jichoni kwa Njia ya Jikoni



Msomaji mpenzi, baadhi yenu mmeniuliza, kwa ujumbe wa simu na kwa mdomo baada ya darsa za akina mama, juu ya vidonge vya luteini vinavyouzwa siku hizi na kusifiwa kwamba hurudisha macho ya wazee. Nimekawia kujibu, na sababu ni kwamba jibu lenyewe lina kosa la nyumbani kwangu ndani yake. Leo nalieleza lote, kwa kuwa huenda likamfaa mzee wa nyumba nyingine.

Kosa letu

Mavyaa wangu alihamia kwetu Ruiru kutoka Mombasa baada ya kumaliza eda yake. Alikuja na sanduku moja la nguo, mbuzi yake ya kukunia nazi, na msahafu wa herufi kubwa. Miezi ya mwanzo alipika kama alivyozoea: mchicha wa nazi, kisamvu, kunde za tui. Kisha kipimo cha damu kikaonyesha kuwa mafuta yamezidi, akaambiwa apunguze. Sisi tuliambiwa kupunguza, tukafanya marufuku. Mbuzi ikapandishwa juu ya kabati, na sukuma wiki ikawa inachemshwa kwa maji na chumvi. Mama akawa anakula vijani viwili vitatu kwa kutustahi tu.

Ijumaa moja, akisoma Suratul-Kahf, aliniita akasema, "Mwanangu, hebu tazama msahafu huu, wino umeliwa katikati ya mstari." Nilitazama, wino ulikuwa mzima. Alipofumba jicho la kushoto akatazama kwa la kulia, nguzo za mlango alizozijua kuwa zimenyooka alizona zimepinda. Tulisema ni uzee, tukampangusia miwani.

Wifi yangu anakaa Thika. Aliposikia habari hizo alifika jioni ile ile akiwa na chupa ya vidonge vya luteini aliyouziwa na mwanamke mmoja apitaye nyumba kwa nyumba. Muuzaji alimwambia kwamba luteini ndiyo chakula cha jicho, na kwamba baada ya miezi mitatu mama atatupa miwani. Chupa moja ilikuwa shilingi 4,500 na ilitosha mwezi. Tulichanga, tukachelewesha hata ada ya mwanangu mdogo, na kila asubuhi mama alimeza kidonge chake kwa chai ya rangi kabla hajala kitu. Miezi minne ikapita hivyo.

Mwezi wa nne mama alimsalimu mwanawe wa kumzaa kwa jina la jirani, maana hakuiona sura yake. Hapo ndipo tulipompeleka kwa daktari bingwa wa macho. Alitiwa matone ya kupanua mboni, akapigwa picha za ndani ya jicho, kisha daktari akatuketisha. Jicho la kushoto lilikuwa na ugonjwa wa aina kavu, hatua ya kati. Jicho la kulia lilikuwa na aina ya maji, na damu ilikuwa imevuja hata ikaanza kuacha kovu. Daktari aliishika ile chupa akaisoma, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Hivi si sumu. Lakini jicho la kulia lilikuwa likihitaji sindano tangu ile siku mlango ulipopinda."

Miezi minne, msomaji mpenzi. Hatukuwa wachoyo wala wavivu. Tulikuwa tunatoa pesa na tunadhani tunatibu.

Ugonjwa wenyewe

Nyuma kabisa ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina, ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Katikati ya utando huo pana sehemu ndogo ya milimita 5 hivi, iitwayo makula. Udogo wake usitudanganye. Kwa makula ndiyo tunasoma, tunatunga uzi kwenye sindano, tunachambua mchele na kuitambua sura ya anayebisha hodi. Sehemu nyingine za retina hutuonyesha pembeni tu, ili tusijigonge tunapotembea.

Umri unapopita miaka 50, kwa baadhi ya watu vidoa vya mafuta na protini hujikusanya chini ya retina, na chembe za makula huanza kuchakaa. Huo ndio uchakavu wa makula unaoletwa na umri. Nao una sura mbili. Aina kavu ndiyo ya wengi, nayo hula polepole kwa miaka. Aina ya maji huzuka pale mishipa mipya na dhaifu ya damu inapoota chini ya makula na kuvuja. Hiyo yaweza kuondoa uoni wa katikati kwa majuma au miezi michache. Aina kavu inaweza kugeuka kuwa ya maji bila kubisha hodi, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na aina hizi mbili, kila jicho na yake, kama ilivyokuwa kwa mama.

Zamani ilidhaniwa kwamba maradhi haya ni ya Wazungu, na kwamba sisi yanatupita. Hapa kwetu Kenya dhana hiyo ilipimwa. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza maelfu ya watu wa Nakuru wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013 na Dakta Wanjiku Mathenge pamoja na wenzake. Asilimia 11.2 walikutwa na dalili za mwanzo, na asilimia 1.2 walikuwa wamefika hatua ya mwisho. Maana yake, katika wazee tisa waliokaa barazani, mmoja pengine anazo dalili za mwanzo, na huenda hajijui.

Tusichanganye ugonjwa huu na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi iliyo mbele. Hufunika kila kitu kama kioo kilichopumuliwa, na upasuaji huuondoa. Presha ya macho nayo huanza kula pembeni. Uchakavu wa makula ndio unaoanzia katikati: mistari iliyonyooka hupinda, herufi za katikati ya neno hupotea, na sura ya mtu huonekana ina doa. Tofauti hizi hazijulikani kwa kukisia nyumbani, bali kwa kuchunguzwa.

Luteini ni kitu gani

Makula ina rangi ya manjano, na manjano hiyo haitengenezwi na mwili. Mwaka 1945 mwanasayansi wa Marekani George Wald alieleza kuwa rangi hiyo ni ya jamii ya rangi zinazopatikana katika majani. Leo twajua kwamba luteini na ndugu yake zeaksanthini ndizo rangi mbili za chakula zinazoruhusiwa kukaa hapo. Mimea ina mamia ya rangi za ukoo huo, karoti na nyanya zikiwemo, lakini mlango wa makula una bawabu wake: protini maalumu huzishika hizi mbili na kuziingiza, nyingine hubaki nje.

Kazi ya luteini pale ni mbili. Kwanza, hupunguza mwanga wa buluu ulio mkali kabla haujazifikia chembe za kuonea, mithili ya pazia jepesi dirishani. Pili, huzima kemikali haribifu zinazozaliwa pale mwanga na oksijeni vinapokutana katika chembe zinazofanya kazi mchana kutwa. Kwa hiyo muuzaji aliposema kuwa luteini ni chakula cha jicho hakusema uongo mtupu. Uongo ulikuwa katika ahadi ya kutupa miwani, na katika kunyamazia swali la pili: luteini hiyo itafikaje jichoni?

Safari kutoka jani hadi jicho

Wengi hudhani kwamba ukimeza kitu kimeshafika. Luteini haiyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta. Basi safari yake ina vituo, na kila kituo kinaweza kuwa mahali pa kukwamia.

Kituo cha kwanza ni jani lenyewe. Luteini imefungwa ndani ya chembe za kijani, na kuta za chembe hizo hazifunguki kwa urahisi. Kukatakata mboga kwa wembamba, kuipika kwa muda mfupi hadi ilainike, na kuitafuna vizuri ndiko kunakoitoa. Mzee asiye na meno akipewa majani makubwa magumu huyameza yalivyo, na luteini yake hutoka kama ilivyoingia. Mkatie ndogo zaidi.

Kituo cha pili ni utumbo, na hapa ndipo mafuta yanapohitajika. Nyongo huyavunja mafuta ya chakula kuwa vitone vidogo mno. Luteini hupanda juu ya vitone hivyo, na kwa hivyo tu hupenya ukuta wa utumbo. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani waliwapa watu saladi yenye kiungo kisicho na mafuta, wakapima damu zao: rangi za mboga hazikuonekana kuingia isipokuwa kidogo kabisa. Mwaka 2005 wengine walitia parachichi katika saladi, na luteini iliyoingia mwilini ikaongezeka takriban mara tano. Niliposoma hayo niliikumbuka sukuma wiki yetu ya maji na chumvi, na kidonge cha mama alichomeza kwa chai ya rangi asubuhi bila kitu. Vyote viwili tulivinunua, na sehemu kubwa tuliipeleka chooni.

Kituo cha tatu ni damu. Kutoka utumboni luteini husafiri ndani ya mafuta ya damu, hupita inini, kisha hubebwa zaidi na yale mafuta ambayo madaktari huyaita mazuri, na hao ndio wapagazi wanaoifikisha nyuma ya jicho. Mwendo huu ni wa miezi. Rangi ya makula huongezeka polepole kwa anayekula vizuri kila siku, na kwa watu wengine huongezeka kidogo tu. Asitarajie mtu kula bakuli moja leo na kuona kesho.

Sasa tazameni, dada zangu, hekima ya bibi zetu. Mchicha uliokatwa mwembamba, ukatiwa kitunguu na tui, ukaivishwa kwa moto wa wastani: jani limefunguliwa, mafuta yapo, na mzee anaula kwa hamu. Hawakuwa na jina la luteini, lakini sufuria yao iliitekeleza safari yote. Hata hivyo nisiwadanganye juu ya nazi. Mafuta yake ni ya aina inayopandisha kolesteroli, na aliyeonywa na daktari hapaswi kurudia tui zito kila siku. Lakini mafuta yanayohitajika ni machache: kijiko kimoja au viwili vya chai katika sahani ya mtu mmoja. Yaweza kuwa tui jepesi siku moja, mafuta ya alizeti siku ya pili, robo ya parachichi siku ya tatu. Kosa letu lilikuwa kuondoa yote.

Sokoni kwetu

Kwa sisi tunaokaa Thika na Ruiru, dawa hii ya chakula haitafutwi mbali. Sukuma wiki, ambayo kila kibanda kinaiuza, ni moja ya mboga zilizotajwa kwa jina katika utafiti mashuhuri wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994. Humo waliokula zaidi mboga zenye rangi hizi, hasa spinachi na jamii ya sukuma wiki, hatari yao ya kufikia hatua mbaya ya ugonjwa huu ilikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko waliokula kidogo kabisa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kuwa mboga peke yake ndiyo sababu, lakini ni ushahidi wa kutosha kwa kitu kisicho na madhara na chenye bei ya fungu la mboga. Kikombe kimoja cha sukuma wiki iliyopikwa kina luteini na zeaksanthini zipatazo miligramu 10, kipimo kinachokaribia kile cha vidonge vya gharama.

Msiache mboga za kienyeji: mchicha ambao wenzetu wa huku huuita terere, mnavu wanaouita managu, kunde na kisamvu. Pale Juja, njiani kati ya Ruiru na Thika, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia miaka mingi ya utafiti kuzirudishia mboga hizi heshima yake, baada ya kudharauliwa kuwa ni magugu na chakula cha maskini. Maparachichi ya Murang'a nayo yanamwagwa sokoni Thika kwa bei ambayo ndugu zetu wa Mombasa wangeionea wivu. Kiini cha yai kina luteini kidogo kuliko majani, lakini imo ndani ya mafuta yake yenyewe, kwa hiyo huingia mwilini kwa wepesi. Mahindi ya manjano huongeza zeaksanthini.

Onyo moja kwa wenye wazee wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mboga za majani zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Wasiongeze wala kupunguza mboga kwa ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wao.

Vidonge vina nafasi gani

Nafasi yao ipo, lakini ina mipaka. Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ilifanya majaribio mawili makubwa. La kwanza, lililotangazwa mwaka 2001, lilionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, betakarotini, zinki na shaba ulipunguza kwa takriban asilimia 25 hatari ya ugonjwa kufikia hatua ya mwisho katika miaka mitano, kwa wale waliokuwa tayari katika hatua ya kati, au waliokwisha kuathirika sana jicho moja. La pili, lililotangazwa mwaka 2013 likiwa na watu zaidi ya 4,000, liliongeza luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2. Tangu hapo luteini imechukua mahali pa betakarotini, kwa sababu betakarotini ilihusishwa na saratani ya mapafu kwa wavutaji wa sigara na waliowahi kuvuta.

Mambo matatu yafaa kushikwa. Kwanza, vidonge havikumzuia mtu mzima wa macho asiupate ugonjwa, wala havikuwafaa walio katika hatua ya mwanzo kabisa. Pili, havirudishi uoni uliokwisha kupotea, wala havizuii damu inayovuja. Tatu, na hili ndilo lililonigusa zaidi, katika jaribio la pili waliofaidika wazi kwa luteini ya kidonge ni wale ambao chakula chao kilikuwa na luteini ndogo kabisa. Mwenye kula mboga yake vizuri hakupata ziada kubwa.

Basi kidonge ni cha aliyechunguzwa, akaambiwa hatua yake, akaandikiwa. Akipewa, akimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, si kwa chai kavu. Mvutaji wa sigara asome lebo ahakikishe hamna betakarotini. Na bora kuliko yote aiache sigara, kwa kuwa ndiyo sababu kubwa ya ugonjwa huu iliyo mikononi mwetu kuiondoa. Na jambo letu la kuangalia zaidi: luteini ya viwandani hutolewa kwa kawaida katika maua ya marigoldi, yale ya rangi ya chungwa ambayo Wahindi hutungia mashada, nayo haina tatizo. Lakini ganda la kidonge mara nyingi ni jelatini ya mnyama. Muulize mfamasia chanzo chake, au utake ganda la mimea.

Matone, umeme na sindano

Msomaji mmoja aliuliza: kwa nini isitiwe jichoni moja kwa moja? Swali ni zuri, na wataalamu wanalishughulikia. Tone la kawaida huoshwa na machozi, na kuta za jicho haziruhusu kitu cha mafuta kufika nyuma kwa urahisi. Wako wanaojaribu kuifunga luteini ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta. Nchini Italia watafiti wamejaribu kuweka maji yenye luteini juu ya jicho na kupitisha mkondo hafifu sana wa umeme ili kuisukuma ipenye sehemu nyeupe ya jicho. Majaribio hayo yamehusu wagonjwa wachache na hayajawa tiba ya kawaida. Anayekuuzia leo mtaani tone la luteini la kuponya makula anakuuzia jambo ambalo mabingwa bado wanalitafuta. Wala tusitie jichoni asali, maji ya majani au maziwa. Vidonda na maambukizi ya hivyo vimewapofusha watu ambao ugonjwa wao wa mwanzo haukuwa wa kupofusha.

Kwa aina ya maji tiba ipo, nayo ni sindano ya dawa inayozuia mishipa ile isiote na kuvuja. Jicho hutiwa ganzi kwanza. Huanza kwa kila mwezi, kisha daktari huachanisha muda kwa kadiri ya hali. Dawa zake ni kadhaa na bei zimepishana sana. Iitwayo bevacizumab ndiyo ya nafuu, na jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2011 lilionyesha kuwa kwa kuhifadhi uoni inalingana na mwenzake wa ghali, ranibizumab. Muulize daktari juu ya hiyo, na uulize kabla bima ya SHA italipa nini na nini utatoa mfukoni. Kwa wakaazi wa huku, pa kuanzia ni hospitali ya Thika Level 5. Kwa uchunguzi zaidi ziko hospitali ya PCEA Kikuyu na ile ya macho ya Lions iliyoko Loresho, Nairobi.

Daftari la hesabu ukutani

Nimalizie kwa kipimo kisicho na gharama ambacho kingetuokolea ile miezi minne. Chukua ukurasa wa daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba, ukoleze mistari yake kwa kalamu nyeusi, kisha utie nukta katikati. Ubandike ukutani penye mwanga, usawa wa macho ya mzee. Avae miwani yake ya kusomea, asimame umbali wa sentimita 30 hadi 40, afumbe jicho moja kwa kiganja na kuikazia macho nukta. Kisha jicho la pili vivyo hivyo. Aulizwe: je, mistari yote imenyooka? Je, pana miraba iliyopotea au kufifia? Ni lazima kila jicho peke yake, kwa sababu jicho zima humfichia mgonjwa aibu ya mwenzake.

Mistari ikipinda kwa ghafla, au doa jipya likitokea, mpelekeni kwa daktari wa macho ndani ya siku chache, msingoje mwisho wa mwezi wala chupa ya vidonge imalizike. Na hata mistari ikinyooka, kila aliyefika miaka 50 achunguzwe macho kwa matone ya kupanua mboni, kwa kuwa dalili za mwanzo huonekana na daktari kabla hazijaonekana na mwenyewe.

Mama ameshapata sindano kadhaa. Maji yamekauka na uvujaji umesimama, alhamdulillah, lakini kovu la katikati limebaki, na jicho la kulia halisomi tena. Jicho la kushoto bado linasoma, na hilo ndilo tunalolilinda: kwa kidonge alichoandikiwa na daktari, anachokimeza katikati ya chakula cha mchana, kwa mboga ya kila siku, na kwa ule ukurasa wa daftari uliobandikwa kando ya mlango wa jikoni. Kila Ijumaa kabla ya kufungua msahafu wake husimama mbele yake, akafumba jicho moja, kisha la pili. Mjukuu wake wa miaka saba ndiye msimamizi, na hakubali udanganyifu.

Mbuzi ya nazi imeshuka kutoka juu ya kabati. Siku zake ni mbili kwa juma, kwa tui jepesi. Siku ya kwanza ilipokaliwa tena mama alikula sahani nzima ya mchicha, akasema, "Mlikuwa mkinilisha majani kama mbuzi wa kweli." Tulicheka, ingawa mimi kicheko changu kilikuwa na majuto ndani yake.

Basi kabla ya kununua chupa, dada yangu, mpeleke mzee wako akachunguzwe. Na leo jioni, mboga iliyo jikoni kwako ikate ndogo, itie mafuta kidogo, umpe ingali na moto.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nuru za macho ya wazee wetu, na awaponye wagonjwa wetu wote. Amin. Tukutane juma lijalo, inshaallah.